Nyar Asembo Hajapanda

Mamboleo, Kisumu
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako dada yangu Mghoi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ziwani. Goti la Mama linaendeleaje? Natumaini baridi ya Wundanyi haijamrudisha kitandani. Na yule wako wa mwisho, ameshaanza kutembea au bado anasota? Mimi ni mzima wa mwili. Ouma naye ni mzima. Amelala kwenye kochi hapa mbele yangu, mdomo wazi, maana wiki nzima amekuwa akiendesha trekta la miwa kule Muhoroni.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako ni ya nyumba nzima. Nikikwambia jambo, Mama ameshasikia, na Mama akisikia, kwaya yote imesikia. Barua hii utaikuta ndani ya kifurushi cha omena, dagaa wa huku. Isome peke yako, halafu ichome.

Kesho saa tatu asubuhi tunaenda kliniki ya uzazi, mimi na Ouma. Ni mara yetu ya kwanza. Tumengoja nafasi hii miezi miwili, na kumfanya Ouma akubali kulinichukua mwaka mzima kabla ya hapo. Miaka sita ya ndoa, dada. Nashona sare za shule, kila Januari napima watoto wa watu mabega na viuno, na mama zao wananiambia, "Fundi, acha nafasi, huyu anakua mbio." Mimi naacha nafasi. Nikifika nyumbani nalia.

Nimeandaa bahasha ya kaki yenye vipimo vyote vya zamani. Msichana wa mapokezi aliniambia nilete tarehe zangu za mwezi za mwaka mzima, kwa hiyo nimezinakili kutoka kwenye kalenda ya dukani, ambako nilikuwa nikizitia alama ya kalamu nyekundu wateja wakidhani ni siku za kuchukua nguo. Walituma na fomu. Mojawapo ya maswali ni kama nina ndugu wa kike aliyewahi kuchelewa kupata mtoto. Nilicheka peke yangu. Nikaandika HAPANA, kwa herufi kubwa. Wewe mumeo akikohoa tu, umeshika mimba!

Usikasirike. Nakuonea wivu, na nimekuonea tangu mtoto wako wa pili. Ndiyo maana sikuja kwenye ubatizo wa huyu wa nne. Nilikuambia nimekosa ruhusa kazini. Dada, nimejiajiri, nani angeninyima ruhusa?

Lakini wivu wangu kwako ni mdogo ukilinganisha na wa hapa. Unamkumbuka Nyar Asembo, mke wa Okelo, mdogo wake Ouma? Mliketi pamoja siku ya harusi yangu, akiwa bado mchumba tu. Huku mke huitwa kwa kwao, yeye ni binti wa Asembo kama mimi nilivyo Nyar Taita. Aliolewa miaka miwili baada yangu. Ana watoto wawili na sasa ana mimba ya miezi saba, na anaibeba kama mtu aliyebeba kikapu kutoka sokoni, bila hata kuhema. Mwezi uliopita aliniomba nimshonee dera la kujifungulia. Nilimwambia cherehani imeharibika. Ilikuwa nzima kabisa, nilikuwa nimeketi mbele yake nikiikanyaga.

Sasa sikia yaliyotupata. Kliniki ilitupa sharti moja kwa ajili ya kipimo cha Ouma: tusikutane kimwili kwa siku zisizopungua tatu kabla ya kwenda. Ouma alisikia akashika kichwa. Kikombe chenyewe cha kipimo kilishamtia aibu kabla hajakiona. Lakini alikubali, na Ijumaa aliporudi kutoka Muhoroni tulilala kama kaka na dada, yeye ukutani, mimi kwenye ukingo.

Jumamosi asubuhi mama mkwe akapiga simu. Mvua imefika, njooni nyumbani mtoe mbegu.

Nikueleze maana ya hilo. Huku mbegu haitoki tu ghalani ikaenda shambani. Wazazi wa boma hutangulia, halafu kifungua mimba na mkewe, halafu anayefuata. Na kutangulia si kushika jembe tu. Usiku wa kutoa mbegu mume na mke hulala pamoja, hapo hapo nyumbani, kwa maana ile unayoijua, ndipo msimu wao unafunguliwa. Ouma ndiye kifungua mimba. Mpaka mimi na yeye tutoe mbegu, Okelo na Nyar Asembo hawawezi kupanda hata punje. Na Ouma akishamaliza kliniki kesho anarudi Muhoroni moja kwa moja, msimu wa kusaga umeshika, hawezi kupata ruhusa nyingine mpaka Jumamosi ijayo.

Tulikwenda hata hivyo, kwa sababu hakuna anayemkatalia mama mkwe kwenye simu. Alikuwa ameshatuwekea beseni la mahindi mlangoni mwa nyumba yetu. Ng'ambo ya ua niliona shamba la Nyar Asembo limelimwa vizuri, udongo mweusi, umelowa. Mwenyewe amesimama na tumbo lake, jembe limeoshwa, akitungoja sisi.

Ouma akaangalia viatu vyake. "Mama, leo hatulali hapa."

"Hamlali? Kwa nini? Mmekosana?"

"Hapana, Mama. Ni kazi."

"Kazi gani ya Jumapili? Ouma, mvua ndio hii. Wenzako wanawangojea. Nyar Taita, ongea na bwana yako."

Nilikusanya vikombe vya chai. Tungesema nini? Hatujamwambia mtu kuhusu kliniki. Mama mkwe akijua, kesho kutwa atajua kila anayechota maji ziwani, na wote wataniangalia tumboni kila nikipita.

Nitakwambia jambo la aibu. Nilipomwona Nyar Asembo akirudi taratibu kuketi kwenye kibaraza chake, nilifurahi. Kweli nilifurahi. Kwa mara ya kwanza alikuwa anangoja kitu, na kitu chenyewe kilikuwa mkononi mwangu. Nikasema moyoni, na aketi aone kungoja kunavyouma.

Alinifuata nyuma ya jikoni nilipokuwa nikiosha vikombe. Wake wa ndugu huku huitana nyieka, na Ouma aliwahi kuniambia neno hilo lina undugu na wivu. Mwenye kulitunga alitujua.

"Nyieka," akasema, "mimi sikulaumu. Lakini Okelo anauliza, na mvua ikikata tumekwisha. Kuna shida gani?"

"Shida yangu inakuhusu nini? Wewe umezoea kila kitu kinakuja ukikitaka."

"Ati nini?"

"Umesikia."

Alisimama tu pale. Hakuondoka, na hilo likanikasirisha zaidi, na hasira ikanitoa lile nililokuwa nimelificha. Nilimwambia Jumatatu tunaenda kliniki ya uzazi, nikamwambia na sharti la siku tatu. Nilisema kwa sauti ya kumkemea, kana kwamba yeye ndiye aliyetuwekea.

Hakuniambia pole. Hakuniambia Mungu ana wakati wake, na angeniambia hivyo ningemtupia kikombe. Alifuta mikono kwenye leso, akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe uani. Nikamfuata kwa hofu, nikijua siri yangu imekwisha.

"Mama," akasema, "hata mimi siko tayari. Mbegu yangu imekulwa na wadudu. Wacha Nyar Taita aende, nitatafuta ingine wiki ijayo."

Mama mkwe akamgeukia. "Mvua imefika ndio unaangalia mbegu? Na hiyo tumbo ulikuwa unakaa tu hapa ukifanya nini? Mwanamke gani wewe?" Alimsema mbele ya watoto wake, mbele ya Okelo, kwa muda mrefu. Nyar Asembo akainamisha kichwa akapokea yote.

Dada, mbegu yake niliiona. Ni ile ya dukani, iliyopakwa dawa ya rangi ya waridi. Hiyo mdudu haili, akiionja anakufa. Alipoachwa aliingia kuificha chini ya kitanda, mimi nikiwa mlangoni, kabla mama mkwe hajaenda kukagua.

Tulipokuwa tunaondoka alinisindikiza mpaka kwenye ua wa nje. Nilitaka kumshukuru, nikaishia kulalamikia tope. Yeye akasema tu, "Nenda, nyieka. Nitapanda ukishapanda."

Tangu jana najaribu kumpenda, nashindwa. Mimi nilimdanganya ili nisimshonee nguo, yeye amedanganya akatukanwa ili niende kwa daktari. Sasa namwonea wivu mara mbili, tumbo lake na moyo wake. Kwa tumbo, huenda madaktari wakanisaidia kesho. Na naogopa, dada. Naogopa watamkuta Ouma hana tatizo lolote na vidole vyote vielekee kwangu. Niombee tu nipate nguvu ya kusikia watakalosema.

Msalimie Mama, mwambie naendelea vizuri na usimwambie zaidi. Msalimie shemeji Mwakio, fundi wetu wa mabati, na shangazi Wakio anayekaa na Mama. Wanao wote wanne wabusu, hata huyo ambaye sikuja kumwona. Leso iliyofunga omena ni yake.

Mvua imeanza tena sasa hivi, kubwa, hata Ouma ameamka. Kule nyumbani mashamba yote yamepandwa isipokuwa mawili, langu na la Nyar Asembo. Langu halinisumbui.

Ni mimi mdogo wako,
Wakesho