Bibi Amemwaga Chumvi Yote

Kitandililo, Makambako
4 Julai 1957

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada, na naahidi kukueleza yote, hata yale yanayonitia haya. Naitwa Ema, binti Anania, nina miaka kumi na minne, nasoma shule ya bweni na sasa niko nyumbani kwa likizo. Kabla hatujafunga, Mwalimu Mika alitufundisha habari za atomu, na tangu siku ile sijatulia, nikichota maji nawaza atomu, nikimenya viazi nawaza atomu, nikiwa peke yangu shambani nacheka. Alisema sodiamu ni metali laini ya kukatwa kwa kisu, nayo ikitiwa majini hulipuka, na klorini ni gesi ya kijani inayoua mtu, lakini atomu ya sodiamu ina elektroni moja tu katika ganda lake la nje, na ya klorini ina saba, inatafuta ya nane, basi sodiamu inatoa ile moja, klorini inaipokea, na hapo zinakuwa ayoni, moja ya chaji chanya na nyingine ya chaji hasi, zinavutana, zinashikamana, na ndiyo chumvi tunayotia kwenye maharage! Mshauri, nilitamani kupiga vigelegele darasani.

Siku niliyofika nyumbani, Bibi Getruda, mama yake baba, alikuwa anatia chumvi chunguni. Nikamwambia, "Bibi, unajua hiyo ni metali inayolipuka pamoja na sumu?"

Mkono wake ukasimama hewani. "Sumu?"

"Sumu kabisa, Bibi. Inaua watu."

Macho yalivyomtoka! Hapo ningeendelea, lakini Shangazi Fidelia akaingia, nami nikaanza upya ili naye ashangae, na kwa kweli nilifurahi mno kutazamwa vile. Nilipofika kwenye elektroni, Bibi alikuwa ameshatoka nje na kopo la chumvi.

Leo ni siku ya nane tunakula bila chumvi. Jumapili, baada ya ibada, Bibi aliwaambia akina mama, "Mjukuu wangu amesoma, anajua," na majirani watatu wamemwaga ya kwao. Juzi mwinjilisti alikuja kula kwetu, akala matonge mawili akasema ameshiba, naye kwa kawaida huongezewa. Baba aliinama kwa aibu. Mgeni alipoondoka akaniambia, "Kama shule inakufundisha kumtisha mama yangu, basi imekutosha. Tarehe 29 wenzako wataondoka, wewe utabaki."

Nimemweleza Bibi mara mbili. Ananijibu, "Sumu ikipewa kitu kidogo ndiyo inaacha kuwa sumu? Hiyo elektroni yako nani aliiona?" Nami sijaiona, wala Mwalimu hajaiona. Naomba unijibu kwa posta ya kurudi: nitamfanyaje Bibi aamini kitu ambacho hata mimi sijakiona?

Ema

*

Ema,

Nimecheka, kisha nimekukasirikia. Mwalimu alikupa habari nzima, wewe ukampa bibi yako nusu, tena ile ya kutisha, kwa kupenda kutazamwa. Sodiamu peke yake ni hatari, klorini peke yake ni hatari, lakini ayoni zake zilizoshikamana ni kitu kingine kabisa. Ungeanzia hapo.

Sasa usimtajie elektroni. Muulize, "Bibi, kabla ya chumvi ya dukani mlitumia nini?" Wengi wa rika lake walichoma majani ya bondeni, wakachuja majivu kwa maji, wakachemsha maji yale mpaka chumvi ikabaki. Mwombe akufundishe. Kata majani wewe, choma wewe, maji ya majivu yakuwashe vidole. Kisha piga magoti umuulize, "Moto unaunguza, majivu yanawasha, mbona hiki tunakila?" Halafu nyamaza. Si kemia ileile ya sodiamu na klorini, Mwalimu atakueleza tofauti, lakini bibi yako anajua kuliko wewe kwamba kitu hugeuka. Mwache akuambie yeye.

Kabla ya hapo nenda kwa majirani wote watatu, na kwa mwinjilisti, useme, "Niliishia katikati." Usimtume mtu. Baba yako akuone ukienda na akuone ukirudi.

Siku Bibi atakaponunua kopo jingine, atie chumvi kwa mkono wake mwenyewe. Wewe shika mwiko, funga mdomo mpaka maharage yaive, na sahani ya kwanza mpelekee baba yako. Akiomba aongezewe, panga sanduku lako la shule.