Bata Bukini wa Kwanza

Montreal, 18 Mei 1987

Kaka Matiusi,

Hujambo? Na baba, goti lake linasemaje? Mimi nipo, tumbo limekuwa kubwa hata viatu navifunga kwa kubahatisha. Madaktari wanasema mtoto hatoki kabla ya Julai, na hawaniruhusu kupanda ndege.

Habari yenyewe ni ya mama. Dawa za hospitali ya huku zimeshindwa. Ameomba arudi kufia kwake Itiviarjuk, kijijini kwetu huko kaskazini, nao madaktari wamekubali. Atapanda ndege ya Alhamisi pamoja na muuguzi. Nilipomuuliza aandaliwe nini, akasema, "Mwambie Matiusi asipike kitu chochote. Nataka samaki mbichi aliyeganda. Vyakula vya huku vimenichosha kuliko ugonjwa." Tulicheka mpaka tukalia.

Rubani anasema theluji ikiyeyuka uwanja wetu huwa laini, hivyo hatui mpaka umwambie redioni kuwa changarawe ni ngumu. Nimejisifu kwake kuwa mwenye uwanja ni kaka yangu.

Dada yako,
Ulaaju

Itiviarjuk, 1 Juni

Mdogo wangu Ulaaju,

Pole. Pole sana. Hali yako na ya tumbo? Baba anakusalimu, tangu mazishi anakula kidogo tu.

Mama amefika, ndani ya jeneza. Kijiji kizima kilikuja uwanjani, hata watoto wa shule, tukamshusha kwa mikono. Ule ukungu wa Alhamisi sitausahau. Ulishuka ghafla, sikuona hata mwisho wa uwanja, ndege ikazunguka ikarudi. Nani angejua kuwa mama hangeishi mpaka ndege ya Jumatatu? Watu wananiletea chakula kila siku na kuniambia nisijilaumu. Ni mipango ya Mungu.

Kaka yako,
Matiusi

Montreal, 10 Juni

Kaka Matiusi,

Msalimie baba. Hali yangu usiiulize.

Yule muuguzi amekuja kuniona. Anasema siku ile mbingu ilikuwa safi, hakuna hata wingu. Mama aliliona paa la nyumba yetu, akamwonyesha kwa kidole. Rubani aliita mara sita. Mama akauliza, "Mbona mwanangu hajibu?"

Labda ulijibu. Labda uliinua nyusi, kama tufanyavyo sisi tukisema ndiyo, ukasahau kuwa redio haina macho. Niambie hivyo basi, nami nitajilazimisha kucheka. Ila usiniletee ukungu.

Ulaaju

Itiviarjuk, 2 Julai

Mdogo wangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Sina uso wa kukuuliza hali.

Hakukuwa na ukungu. Asubuhi niliupima uwanja, ukawa mgumu. Ilibaki saa nzima ndege ifike. Nikasikia bata bukini, wa kwanza mwaka huu, wanapita nyuma ya kilima. Ningeweza kukwambia nilimfuatia mama kitoweo. Uongo. Nilitaka niwe wa kwanza, nikamtupie mwindaji mwenzangu Jaakusi bukini mlangoni kwake, kwa kuwa mwaka jana yeye ndiye aliyetangulia kupata, akanicheka mbele za watu. Nikapata mmoja. Kurudi, pikipiki ya theluji ikazama kwenye tope. Niliisikia ndege juu yangu, nikapunga bunduki kama mwendawazimu. Nikaiona inageuka.

Naona aibu, Ulaaju. Nilikula chakula cha watu walionionea huruma kwa uongo wangu. Jana nilikwenda kituo cha redio cha kijiji nikawaambia wote ukweli. Tangu hapo hakuna aliyebisha hodi. Baba aliizima redio, akaningoja mezani, akauliza tu, "Bukini ulimpata?" Nikasema ndiyo. Akachukua kofia akatoka.

Ukirudi na mtoto hutanikuta. Nakwenda kukaa kambi ya mtoni, redio ya uwanjani ataishika Jaakusi. Bora tusionane.

Kaka yako, kama bado unanihesabu,
Matiusi

Montreal, 19 Julai

Kaka,

Mimi mzima. Mtoto mzima pia, msichana, alizaliwa Jumanne. Analia kwa madaha, akitaka kitu anakitaka sasa hivi.

Nimeongea na baba kwa simu, na jina tumekubaliana: Qaunaq, jina la mama. Huhitaji kuelezwa, lakini naandika ili usijifanye umesahau: kwetu mtoto anayepewa jina la marehemu ndiye marehemu mwenyewe amerudi. Mimi nimeshaanza kumwita mama, nawe huna namna nyingine ya kumwita. Wauguzi wa hapa wananishangaa nikimuuliza mtoto mchanga, "Mama, umelalaje?"

Usidhani nimekusamehe. Nimejaribu, moyo umekataa. Lakini kesi hii si yangu. Aliyekuita usimwitikie ni yeye, kamwombe yeye.

Tunapanda ndege ya Alhamisi. Nenda kambini ukitaka. Ila ujue unayemkimbia ni mama, na hii ni mara yake ya pili kuja.

Dada yako,
Ulaaju