Picha Niliyocheka Siku ya Mazishi

Dada yangu mpendwa,

Natumaini mama ameanza kula. Huku ng'ambo mitihani imekwisha, na baridi imepungua kidogo.

Najua mmechukizwa na ile picha, mimi nacheka juu ya mnara siku baba anazikwa. Asubuhi ile mwenzangu wa chumbani alinikuta nimekaa kitandani, nimevaa viatu, sina pa kwenda. "Leo hubaki humu peke yako," akasema, akawaita wenzetu wawili wa darasani. Wakanitembeza mjini: darajani, makumbusho, mpaka mnarani. Huko mmoja alitania, nikacheka, wakapiga picha.

Ilipofika saa mliyosema mtamteremsha kaburini, nilikaa kwenye ngazi za mnara. Nikalia kwa sauti. Watalii wakageuka kutazama. Wale watatu wakasimama bega kwa bega mbele yangu, wakanipa mgongo, wakanikinga mpaka nilipomaliza.

Mama akitaka kunigombeza, mwache anigombeze. Ila wewe niandikie, dada, usinifiche: nani alibeba jeneza mahali pangu?

Ni mimi, kitinda mimba wenu.