Koti Lisilokutosha Lirudishwe

Mjukuu wangu Anitha,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako hajambo, na kahawa yetu hapa Kihanga imeanza kuiva.

Barua yako imenikasirisha. Unaendesha pikipiki katika baridi ya asubuhi huko Rubwera ukiwa na koti linalopwaya, eti kwa sababu ni zawadi ya mjomba wako na kulikataa ni utovu wa adabu! Nani alikufundisha hayo?

Nilipooa, baba yake bibi yako alinipa koti lake kubwa la pikipiki. Mkwe hakataliwi, nikalivaa. Upepo ulipenya hadi vidole vikafa ganzi, na kwenye mteremko wa Kituntu mikono mirefu ya koti ikanizuia kushika breki. Niliishia migombani.

Mzee alikuja kuniona, akafoka: “Ulinyamaza kwa heshima gani? Kwa koti tu, ungemwacha binti yangu mjane?”

Nililivua siku hiyo, nawe livue. Mrudishie mjomba koti lake kwa mikono miwili. Chagua zito linalokukaa vizuri mwilini, lenye mikono inayokomea kwenye vifundo, pamoja na glavu zisizozuia vidole kukunjika. Akinuna, mwambie aninunie mimi niliyemzaa.

Babu yako