Gari la Miaka Minne

Ganshoren, Brussels
Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Kabla hujaanza kusoma, kaa kwenye kile kiti chenye mgongo, vaa miwani, na usimpe mdogo wangu Mado akusomee. Barua hii ni yako kwanza, yeye atafuata. Goti linaendeleaje? Dawa ya presha unaimeza kila siku, au unaimeza siku kichwa kinapouma tu? Jibu nalijua, lakini mtoto lazima aulize. Mvua zimeshafika Likasi? Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu. Baridi imeanza kuuma masikio, ila baridi si habari, nimeizoea. Habari ni gari. Wiki tatu sasa situlii kwa sababu ya gari.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikitaka kulisema jambo hili wewe unacheka, nami nacheka, mtandao unakatika, nabaki na neno langu mdomoni. Tonton Fidèle, yule mzee wa kanisa letu aliyefanya kazi zamani kwenye kiwanda cha shaba hapo kwetu, anapanda ndege Alhamisi kwenda Lubumbashi. Ameahidi kufika Likasi mwenyewe na kukukabidhi bahasha mkononi. Ndani yake utasikia kitu kigumu kimefungwa kwenye kitambaa. Usikifungue mpaka ufike mwisho wa barua. Nakujua, Mama, umeshaanza kukipapasa.

Kazi yangu unaijua: kwenda nyumba kwa nyumba, mitaa ya Jette na Ganshoren, kuwaosha wazee, kuwachoma sindano za sukari, kuwafunga vidonda. Bila gari hakuna kazi. Lakini lile gari la bluu uliloliona kwenye picha, ambalo jirani yetu Papa Célestin amelitangaza mpaka kwenye kwaya, si langu na halijawahi kuwa langu. Ni la kukodi. Huku unatia sahihi mkataba na kampuni, unalipa kila mwezi, bima na matairi na fundi ni juu yao, na siku mkataba ukiisha unarudisha ufunguo na kwenda zako kwa miguu. Nisamehe kwa kutosema mapema. Nilivyoona ulivyofurahi, nilishindwa.

Mkataba umeisha mwezi huu, ikabidi nichague. Kuna gari la petroli kama lile la zamani, na kuna haya ya umeme, ambayo unayachomeka ukutani kama simu. Kampuni ilinipa la umeme nilijaribu wiki nzima. Mama, halina sauti hata kidogo. Nina mgonjwa mmoja, bibi wa miaka tisini na moja, ambaye akisikia injini yangu kwenye kona huanza kujikokota kuelekea mlangoni, ili nikifika nimkute ameshika kitasa. Siku ya kwanza nilifika kimya, nikabonyeza kengele mara tatu, akafungua amenuna. Aliniambia nimekuja kama mwizi. Siku ya tatu baridi ilizidi, na kipimo cha betri kikaanza kushuka upesi kuliko nilivyozoea. Nikazima joto la gari, nikavaa glovu, nikazungusha shali shingoni mara mbili, na kazi yote ya siku ile niliifanya jicho moja kwa mgonjwa, jicho moja kwa betri iliyo nje. Nilipomsimulia Tonton Fidèle, alicheka mpaka akavua kofia.

"Ile betri njo ilitoka kwetu," alisema. "Weye na yeye mulitoka mahali moja. Ila yeye alipataka papiers mbele yako." Maana madini ya betri hizi yanachimbwa huko kwetu Kongo, nayo yaliruhusiwa kuingia huku kabla sijapata karatasi zangu za ukaazi.

Basi nikachukua karatasi, nikaanza hesabu. Nilihesabu jikoni, nikahesabu ndani ya gari nikingoja mgonjwa amalize kuoga, nikahesabu hata Jumapili iliyopita padri akihubiri, Mungu anisamehe. Gari la petroli kwa mkataba wa miaka miwili ni euro mia tatu tisini kwa mwezi, na petroli yenyewe kama mia na arobaini: jumla mia tano thelathini. La umeme kwa miaka miwili halishikiki, linapita mia sita. Lakini la umeme kwa miaka minne linashuka ghafla, mia nne ishirini, na umeme wa kuchaji hauzidi arobaini: jumla mia nne sitini. Hata la petroli kwa miaka minne halifiki chini hivyo.

Kwa ufupi, gari la nafuu kuliko yote ni la umeme, kwa sharti moja tu, kwamba nikae nalo miaka minne. Kati yake na lile la petroli la miaka miwili pana euro sabini kila mwezi. Na wewe euro sabini unajua zinafanya nini nyumbani: ni unga, ni mkaa, ni karo ya mtoto wa kwanza wa Mado. Mtu mwenye akili zake angeweka sahihi siku ileile. Mimi nikazunguka wiki tatu kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Sababu unaijua. Nilikuambia miaka miwili. Nilikuambia Krismasi iliyopita, na ile ya kabla yake, na kabla ya hapo: miaka miwili tu, Mama, nakusanya kidogo, narudi, nafungua zahanati yangu pale karibu na soko. Ahadi ni deni, wewe ndiye uliyenifundisha. Sasa nitawekaje sahihi ya miaka minne? Kila baada ya siku mbili mama wa ofisi ya magari ananiandikia, Madame, umeamua? Naandika ndiyo, nafuta. Naandika hapana, nafuta.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilikutana na Espérance pale Porte de Namur, kwenye maduka ya Wakongo, tulikwenda kununua majani ya sombe na samaki wakavu. Espérance ni mwuguzi mwenzangu, yuko kwenye hospitali kubwa ya Jette. Kwao ni Bukavu, alifika huku kama mkimbizi. Tuliketi kunywa chai, nikamtandikia karatasi yangu mezani.

"Bon," alisema akigusa kwa kidole mia tano thelathini, kisha mia nne sitini, "cinq cent trente na quatre cent soixante, njo gani iko kidogo?"

"Quatre cent soixante."

"Alors, shida iko wapi?"

Nikamwambia shida ni miaka. Nikamweleza juu yako, juu ya ahadi, juu ya chumba changu ulichonifungia tangu siku niliyoondoka. Alisikiliza huku akikoroga chai yake, ambayo haikuwa na sukari.

"Weye Odette, unalipiaka kurudia kila mwezi, na haurudiake," alisema. "Mimi kule Bukavu hakuna chumba inaningojea, nyumba yenyewe haiko tena. Donc mimi nilinunua rideaux."

Mapazia, Mama. Nilikasirika, nikamwambia asichanganye mambo. Lakini nilipofika nyumbani nikasimama mlangoni na mifuko yangu, nikaitazama nyumba yangu kama mgeni. Dirishani pana shuka niliyoibana kwa vibanio vya nguo. Televisheni imekaa juu ya sanduku la safari. Kitanda ni cha kukunja, nilikipata kwa mtu aliyekuwa anahama. Ukuta mzima hauna hata msumari mmoja, picha yako nimeiegemeza kwenye chupa ya maji, kwa sababu mtu anayeondoka kesho hapigi misumari. Nimeishi humo miaka minane, na Ulaya nina miaka kumi na moja.

Hata hivyo sikukubali, si unanijua. Jumatatu nilikwenda ofisini nimeshaamua: petroli, miaka miwili, na hizo euro sabini nitazifidia kwa kazi za Jumapili. Mama wa ofisi ni Mflamandi mrefu mwenye miwani myekundu, mtu wa adabu. Aliniuliza kwanza kwa mwaka naenda kilomita ngapi, nikamwambia elfu kumi na tano. Zote hizo naziendea humu humu, Mama, kwenye mitaa ambayo ungeweza kuivuka kwa miguu na goti lako hilo. Kisha akafungua faili langu, akasoma, akanitazama.

"Madame," aliniambia kwa Kifaransa, "mara ya kwanza pia ulisema miaka miwili. Halafu ukaongeza mwaka mmoja, ukaongeza mwingine, ukaongeza mwingine tena. Kila ulipoongeza ulilipa bei ya juu, ile ya muda mfupi. Gari umekaa nalo miaka mitano. Safari hii ni miaka mingapi kweli?"

Hakuuliza kwa ubaya. Lakini lile ndilo swali lako, unaloniuliza kila Jumapili kwenye simu: "Mutoto wangu, unarudia siku gani?" Na wewe nimekuwa nakujibu kama nilivyomjibu yeye, naongeza mwaka, naongeza mwingine. Nikamwomba dakika tano, nikatoka, nikakaa ndani ya gari la bluu nimefunga milango.

Pale garini kilichonijia kichwani si gari wala euro. Nilikumbuka siku ile uliponipigia simu ya video kunionyesha mlango mpya wa jikoni. Ulipokuwa unageuza simu, niliona nyuma ya viti vya sebuleni magodoro mawili yamekunjwa, yamefungwa kamba. Baadaye nilimpigia Mado peke yake, nikamwuliza ni ya nani. Akacheka kile kicheko chake cha kuficha mambo, akaniita yaya, dada mkubwa, kama kawaida yake.

"Ni yetu, yaya. Mi na batoto tunalalaka pa salon. Hapana kuhangaika, tulizoea."

"Na chumba changu?"

"Ile iko yako, yaya. Maman anapigaka ufagio kila Jumamosi, anafunga. Hakubali muntu aingie."

Nilikasirika sana, Mama, nakuambia wazi. Kwanza nilikukasirikia wewe, kisha Mado kwa kunyamaza, halafu nikaona hasira zote zinanirudia mimi. Maana wewe unafunga kile chumba kwa sababu ya neno langu. Kitanda kimetandikwa kile kitambaa cha waridi, kina nailoni juu, kinamngoja mtu, na watoto watatu wamelala sakafuni karibu yake. Mimi huku nataka kulipa euro sabini zaidi kila mwezi ili nisikuambie ukweli, na Mado huko analipa kwa mgongo wake.

Nikarudi ndani, nikatia sahihi. La umeme, miaka minne. Mama wa ofisi alinipongeza, akaniambia nimechagua vizuri, nikamshukuru.

Wiki hiyohiyo fundi alikuja kufunga kisanduku cha kuchajia kwenye gereji. Mwenye nyumba alishakubali. Fundi alitoa mashine yake, akatoboa ukuta, vumbi jekundu la matofali likamwagika kwenye viatu vyangu. Ni tundu la kwanza kutobolewa kwa ajili yangu katika nchi hii. Nilishika ufagio nikalia, yule fundi akadhani ni kwa sababu ya vumbi, akaniomba radhi. Jumamosi hii nimekwenda na Espérance kununua mapazia. Ni ya njano, nayo yananichanganya kidogo, kila nikiingia nadhani nimekosea nyumba. Bado sijatulia, nisikudanganye. Nafagia palipofagiliwa, nahesabu tena hesabu iliyokwisha. Na yule bibi wangu tumeelewana: nikifika napiga honi mara moja.

Nisalimie wote. Papa Célestin, jirani yetu na katekista, mwambie lile gari la bluu limerudi kwa wenyewe, awatangazie wanakwaya na hilo pia. Shangazi Véro wa mkaa, dada wa baba, mwambie dawa ya macho aliyoniagiza anayo Tonton Fidèle. Mado, mdogo wangu, na watoto wake watatu, wape busu kila mmoja, na yule mdogo kabisa mpe mawili.

Sasa fungua kitambaa.

Umeutambua ufunguo huo, pacha wa ule unaofungulia kila Jumamosi ukifagia. Ulinipa siku naondoka, ukaniambia chumba ni changu na mtu hataingia mpaka nirudi. Miaka yote nimeutembeza pamoja na ufunguo wa gari. Siku narudisha lile la bluu, mama wa ofisi alichomoa ufunguo wake, akanirudishia huu, akauliza, na huu ni wa gari gani? Nikamwambia huu si wa gari.

Mpe Mado. Ahamie leo, kabla hujapata muda wa kubisha. Hiyo nailoni itoe, kitambaa cha waridi waache watoto wakirukie mpaka kichanike. Sikuambii kwamba sitakuja, Mama. Nimepiga hesabu ya mwisho, na hii ndiyo niliyoipenda: zile sabini, nikiziweka mwaka mzima, zinakaribia tiketi ya ndege. Kiangazi kijacho nakuja mwezi mmoja, si kuja kuishi, kuja kukuona. Nitandikie godoro sebuleni. Sitaingia moja kwa moja kama zamani.

Nikija, nitapiga hodi.

Binti yako,
Odette