Ile Yenye Siti ya Nyuma

Buguruni, Dar es Salaam

Mama Ambokile mke wangu,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu wote mliomo humo ndani. Kikohozi cha Ambokile kimekwisha, au bado anakohoa alfajiri? Na mgongo wako je, ule uliokuwa unakusumbua ukiinama? Mimi mwili mzima, nakula, nalala. Habari njema zinaishia hapo. Ni heri nikuambie mapema, usije ukaisoma barua hii mbiombio ukitafuta mahali nilipoandika lini mnapanda basi. Hapapo.

Barua iliyopita nilikuambia kwamba Mzee Shomari, huyu ninayemshushia nazi hapa sokoni, amenichagua niwe dereva wa shamba lake la Kimbiji. Nikakuambia dereva wa shamba anapewa nyumba, vyumba viwili na jiko la uani, na anakaa na familia yake. Nilichokuficha, kwa kuona ni mambo ya wanaume na mashine, ni kwamba yote hayo yalitegemea chombo gani kitanunuliwa. Sasa nakueleza, usije ukadhani nimelewa kazini au nimegombana na mtu.

Njia ya kutoka shambani hadi barabara kubwa ni mchanga mtupu. Pikapu ya mzee huzama pale mpaka wanaoisukuma wanaanza kutukanana. Kuna mfanyabiashara huku mjini anayeleta vitu vilivyotumika kutoka Uarabuni, naye alikuwa na pikipiki mbili za matairi manne. Umesoma sawasawa, pikipiki, lakini miguu minne. Akampa mzee zote mbili akazijaribu, anunue moja, nyingine airudishe.

Moja nyekundu, ya michezo. Nyepesi, imebinua makalio kama panzi, ukigusa mafuta tu imekwisha kuruka. Haina pa kuwekea mzigo, wala gia ya kurudi nyuma, na siti yake ni ya mtu mmoja. Nyingine kijani, ya kazi. Hiyo ni nzito, haina haraka, keria mbele, keria nyuma, injini inazungusha matairi yote manne, na ina chuma cha kukokotea tela. Siti yake ndefu, mtu wa pili anaenea. Kwa sura ni mbaya, siifichi. Seif, mtoto wa kiume wa mzee, aliiita trekta lililodumaa.

"Braza," akaniambia, "hiyo watu watakuonaga mshamba mpaka unazikwa. Nyekundu ndo ishu."

"Ishu ya kubeba nini?" nikamuuliza.

"Ya kunibeba mie."

Mimi nikapakia magunia ya nazi kwenye ile ya kijani, nikapita nayo kwenye mchanga uleule unaomeza pikapu, nikafika barabarani hata jasho halijanitoka. Mzee Shomari alicheka mpaka akashika mbavu. "Kijana wa Tukuyu, hii ndiyo yenyewe. Kamwandikie mkeo afungashe." Jioni ileile nikakuandikia. Laiti ningengoja.

Sasa hapa usinune kwanza, soma hadi mwisho. Mzee ana binti, Mwanahawa. Ameposwa, mahari imepokelewa, na alikuwa kule shambani anawekwa ndani na shangazi yake, Bi Zainabu, dada mkubwa wa mzee. Kwa watu hawa mwali akiwa ndani haonekani na mwanamume wa nje mpaka siku yake. Siku zile za kujaribu vyombo mimi nililala jirani na nyumba hiyo na sikuwahi kumwona hata kisigino. Basi akakanyaga msumari wenye kutu uani. Mguu ukavimba, homa ikampanda, akawa anaweweseka. Mzee yuko mjini, Seif ametoka na ile nyekundu, hajulikani alipo. Bi Zainabu akanijia mbio, kanga imemdondoka begani.

"Baba, mtoto anaungua. Mpeleke zahanati."

"Shangazi, twende wote?"

"Nitakaa wapi mie? Mpeleke, nakwambia!"

Wakamfunika buibui, na kanga juu ya buibui, wakampandisha nyuma yangu. Mwanzo alishika shati. Tulipoingia kwenye mchanga mwingi akanishika kiuno, maana angeanguka. Tukapita katikati ya kijiji, na ilikuwa Ijumaa, watu ndiyo wanatoka msikitini.

Hapo ndipo nilipoharibu. Wewe unajua kwetu, ukipita na mgonjwa unasimama, unasalimia, unamtaja ni nani, watu wanakupa pole na kukufungulia njia. Asiyefanya hivyo anaonekana ameiba mtu. Nikasimama. Nikawapa shikamoo wazee, nikasema kwa sauti, "Ni Mwanahawa, binti wa Mzee Shomari, namuwahisha zahanati." Watu wakatazamana. Nikadhani wanamwonea huruma. Kumbe ningepita kimya, chini ya lile buibui hakuna ambaye angejua ni nani. Niliwatajia mwali wao mchana kweupe, amenikumbatia kiuno.

Mguu ulipona. Alipigwa sindano, usaha ukatoka, leo anatembea. Lakini kabla hata hajaanza kukanyaga vizuri, wajumbe wa upande wa bwana harusi walishafika, wamekunja nyuso, wanauliza ni binti gani huyo anayezungushwa kijijini na dereva. Mzee aliwabembeleza kutwa nzima. Posa ikapona kwa taabu.

Walipoondoka, Bi Zainabu akatuita uani, mimi na mzee. Mimi nilikuwa tayari kutukanwa. Hakunitukana, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

"Baba, mie sina neno nawe," akasema. "Umemwokoa mwanangu mguu, Mungu akulipe. Lakini chombo chenye siti ya nyuma hakilali kwenye ua huu. Kila kitakapopita watasema, ndicho kile. Nunueni kile cha mtu mmoja."

"Dada, kile hakibebi nazi," mzee akajaribu.

"Nazi zilikuwa zinatoka kabla hicho hakijaja. Sie tuna wasichana wengine humu ndani, Shomari."

Mzee akainuka. Baadaye akanishika bega, akasema yeye na mimi tulijua kinachofaa, lakini dada yake mkubwa akishasema, kwao limekwisha. Ile ya kijani ikarudishwa. Nilipewa mimi niirudishe. Niliiendesha hadi kivukoni nikiifuta vumbi kwa mkono kila niliposimama, sijui kwa ajili ya nani.

Kwa hiyo dereva wa nini tena? Nyekundu anaiendesha Seif mwenyewe, ufukweni, Jumapili. Siku moja walijaribu kuifungia gunia nyuma. Cheni ikala kamba, gunia likapasuka, nazi zikatapakaa njia nzima. Hawakujaribu tena. Sasa nazi zinatolewa shambani kwa baiskeli za kusukuma, nyingi zinachipua hukohuko chini. Zinazofika hapa sokoni ni chache, na mimi nimerudi kuzishusha siku zikiwapo. Ile nyumba yetu wameweka makumbi ya nazi.

Sijakaa bure. Nimekwenda hadi Madale, ambako watu wanajenga vilimani, nikaomba kuendesha lori la mchanga. Msimamizi akaniangalia viatu, akasema wataniita. Hakuniuliza hata ninapokaa. Nimeuliza na Temeke, nimeuliza na hapahapa. Nina hasira, Mama Ambokile, na simpati wa kumkasirikia. Yule shangazi alikuwa analinda mtoto wake. Mimi nilikuwa nampeleka mgonjwa. Hakuna mbaya hapo, na wewe bado uko Tukuyu. Nimewaza mpaka nimechoka kuwaza, na sioni kingine. Nakutamani mpaka nashikwa na haya kuandika.

Mpe shikamoo yangu baba mkwe, na asipoitikia usimlaumu, alikuwa ameshawatangazia wazee wenzake kanisani kwamba binti yake anahamia Dar. Msalimie mama mdogo Tabitha, mwambie sufuria alizokurudishia ili ufungashe azichukue tena. Msalimie kaka yangu Mwakasege, na shemeji mkewe. Ambokile mwambie baba bado anatafuta nyumba. Usimtajie mwezi.

Umeniandikia kwamba lile shamba la mtoni umempa mdogo wako alime msimu huu, kwa kuwa mahindi yatakapokomaa wewe utakuwa huku. Nenda kamwombe akurudishie, kabla mvua hazijaanza. Ulilime lote, mke wangu. Na mwaka ujao pia usimpe mtu.

Mimi mumeo,
Baba Ambokile