Diski ya Mume wa Madam Ghada

Jebel Ali, Jumanne

Dada Mwanatumu,

Assalamu alaykum, wewe na wanao. Mimi ni mzima, joto tu ndilo linalotuonea.

Siku hizi arbab, tajiri wangu, amenipa kazi ya kufungua kompyuta za zamani zinazouzwa. Nasoma tarehe zilizopigwa chapa kwenye vipuri, nijue kipi ni cha tangu kiwandani na kipi kiliongezwa baadaye. Juzi mjane mmoja, Madam Ghada, alileta kompyuta ya marehemu mumewe, ya mwaka 1986. Mnunuzi aliitaka kama ilivyotoka kiwandani. Nikaona diski ni ya 1989.

"Hii haikuja na kompyuta, madam. Itabidi niitoe."

"Ina nini ndani?"

Tukaiwasha. Zilikuwamo barua ambazo marehemu alimwandikia mkewe kumwomba radhi, wala hakumpa hata moja. Madam alizisoma amesimama, machozi yakimtoka. Kisha akasema, "Khalas, siiuzi. Laiti angeniambia mwenyewe, ningemsamehe siku ile ile."

Dada, maneno hayo yamenikosesha raha. Baba alipofariki niliwaambia kafeel, mdhamini wangu huku, amenikatalia ruhusa ya kusafiri. Hakukataa. Sikumwomba. Mimi na Baba tulikuwa hatusemezani mwaka wa nne, nikaona haya kuja kumzika.

Nimekata tiketi ya Ijumaa. Mama nitamwambia mwenyewe, lakini nimetaka wewe ujue kwanza. Ukiwa na hasira, njoo nazo kiwanja cha ndege, ila njoo.

Nduguyo,
Famau